Mdudu Ndani ya Kaharabu

Idara ya Wadudu,
Nairobi
23 Septemba 1963

Kwa Mwalimu Sellah Mukhwana,

Salaam. Mimi ni Mahmoud Musa wa Mumias, yule aliyetoka msituni mwezi uliopita na wavu wa kukamatia vipepeo akapumzika kwenu Shinyalu. Mama yako alisema mtu mzima anayefukuza vipepeo ama ana wazimu ama analipwa na serikali. Nilimjibu kwamba ni hilo la pili. Alicheka, wewe hukucheka.

Nakuandikia ili yale tuliyosema kwa mdomo yawe kwenye karatasi. Mama alipoinama kunipa hindi la kuchemsha, jua lilipita kwenye lile jiwe la rangi ya asali alilovaa shingoni, nikaona mdudu ndani yake. Nikaomba kuliazima. Alifungua fundo, akabaki na uzi, akanipa jiwe. Niliahidi kulirudisha kabla ya Krismasi, na ahadi hiyo ipo.

Si jiwe kwa kweli. Ni utomvu wa mti ulioganda zamani sana. Kwetu tunaiita kaharabu; babu yangu alikuwa na tasbihi yake. Utomvu ulitiririka, mdudu akanasa, ukamfunika, ukawa mgumu naye akiwa ndani. Mdudu mwenyewe ni mdogo kama punje ya mtama, lakini chini ya hadubini naona hata vinyweleo vya miguu.

Nimemtazama wiki nzima na sijui ni nani. Tafadhali niambie jiwe lilitoka wapi. Mama alisema tu, "Ni la mzee wangu."

Msalimie sana.

Mahmoud Musa


Shinyalu,
kwa mkono wa posta ya Kakamega
6 Oktoba 1963

Kwa Bwana Mahmoud,

Barua imefika. Mimi ni mzima. Mama analalamika tumbo, lakini analima.

Baba yangu, Mukhwana, alimwoa Mama, Roda Navalayo, mwaka 1940, nikazaliwa mwaka uliofuata, na mwaka 1942 akaingia Keya, jeshi la Mwingereza. Alikufa Burma mwaka 1944. Serikali ilituma karatasi, mwili haukuja. Huku kwetu mtu akifia mbali namna hiyo, huzikwa mgomba mahali pake, ili nyumba iwe na kaburi na mjane ajulikane kuwa mjane. Lakini wazee wa ukoo wetu walikataa kuzika mgomba kwa karatasi peke yake. Walitaka waone kitu cha marehemu.

Mwaka 1946 alirudi mwenzake wa kikosi, jina lake Barasa. Wazee walikusanyika, wakamuuliza ameleta nini cha Mukhwana. Akatoa jiwe hilo mfukoni. Siku ya pili mgomba ukazikwa upande wa kushoto wa nyumba. Mama akaambiwa alivae jiwe, na siku atakayokufa azikwe nalo, ndipo wawili hao watakuwa wamezikwa pamoja.

Kwa hiyo jiwe hilo si pambo. Mama alikupa kwa sababu ulisema Krismasi. Tena anataka kujua kama mdudu wa namna hiyo angali yuko kule Burma, na kama anauma watu.

Bado anavaa uzi. Nilimwambia auweke kabatini, akasema shingo imezoea.

Sellah Mukhwana


Nairobi
21 Oktoba 1963

Kwa Mwalimu Sellah,

Mwambie Mama kwamba mdudu huyu hayuko Burma wala popote. Ametoweka. Kama ninavyokisia ni kweli, aliishi wakati wa dinosau, wale mijusi wakubwa waliokwisha kabla hajatokea mtu wa kuwaona. Hawezi kumuuma mtu.

Wewe ni mwalimu, kwa hiyo nitakueleza shida yangu kama ilivyo. Kila mdudu ana kundi lake kubwa: vipepeo na nondo ni kundi moja, nzi na mbu jingine, kunguni jingine. Kumtia mdudu wa leo katika kundi lake ni kazi ya kufumba na kufumbua. Huyu ana mdomo wa sindano kama kunguni. Lakini nyuma ana mikia miwili kama mende, na hakuna kunguni mwenye mikia hiyo. Mabawa yake ya mbele yana unga wa magamba kama nondo. Kila nikimweka mahali, kiungo kimoja kinakataa. Kitakachoamua ni mishipa ya mabawa ya nyuma, nayo siioni, maana upande huo wa kaharabu una ukungu.

Jambo la pili ni mahali. Kisukuku (mabaki ya kiumbe wa kale) kisichojulikana kilikotoka hakina umri. Masoko ya India yamejaa kaharabu kutoka Ulaya, nayo ni changa kuliko dinosau kwa mbali sana. Askari aliweza kuinunua popote. Ikiwa baba yako aliiokota au alipewa Burma, nahitaji kujua bonde gani, kutoka kwa nani, kutoka shimo gani.

Huyo Barasa yu hai? Unaweza kumuuliza?

Mahmoud Musa


Shinyalu
17 Novemba 1963

Kwa Bwana Mahmoud,

Barasa yu hai. Amepata shamba Likuyani, kwenye ardhi iliyokuwa ya Mzungu. Nilimkuta akipiga maharage kwa fimbo. Naandika tuliyosema kama tulivyoyasema, kwa kuwa uliuliza kwa undani.

"Mulembe. Wewe ni wa Mukhwana," alisema kabla sijajitaja. "Hayo masikio nayajua."

Nikamwambia nimekuja kuuliza habari za jiwe.

"Jiwe gani?"

"Lile ulilotoa mbele ya wazee."

"Ah, hiyo. Hiyo ilikuwa yangu."

Nilimwomba arudie. Akarudia, tena kwa sauti, kama mtu anayedhani nina tatizo la kusikia.

"Mukhwana alikufa na homa kwa bonde la Kabaw. Vitu vyake vyote vilichomwa, daktari alisema viko na wadudu wa homa. Mimi pia nikashikwa, nikapelekwa hospitali ya mahema. Kitanda cha pili kulikuwanga na mchukuzi, mtu wa milima ya kule. Nikampa blanketi na tumbaku, akanipa hiyo jiwe. Kabla ya vita alikuwa anazichimba. Alinionyesha na mikono: shimo nyembamba kama kisima, mtu anashuka na kamba, anatoa. Kwao huko juu kabisa, kaskazini."

"Mbona ulisema ni ya baba?"

"Sikusema. Wazee waliuliza, umeleta nini? Nikatoa kitu kilikuwa kwa mfuko. Ulitaka nitoe nini, kiberiti? Wangekataa kuzika mgomba, na mama yako angekaa hivyo tu, si mjane, si mke wa mtu." Akapiga maharage kidogo. "Na nilikuwa naipenda, hiyo jiwe. Kama hamuitaki, nirudishieni."

Akacheka. Nami nilicheka, sijui kwa nini. Akanipa debe la maharage nimpelekee Mama.

Nilimweleza Mama jioni hiyohiyo. Nilifikiria kutomweleza, lakini angeuliza Barasa alisema nini, nami sina kipaji cha kutunga. Alikuwa anachagua yale maharage ya Barasa kwenye ungo. Aliendelea mpaka akayamaliza. Kisha akauliza jiwe litarudi lini.

Tumbo limevimba. Wiki ijayo nampeleka hospitali Kakamega.

Sellah Mukhwana


Nairobi
2 Desemba 1963

Kwa Mwalimu Sellah,

Barua yako ni bora kuliko nilivyotarajia. Mashimo membamba, kaskazini ya Burma, na aliyesema ni mchimbaji mwenyewe. Nimemwandikia mtaalamu wa London. Anasema kaharabu ya mashimo hayo huenda ni ya wakati wa dinosau, ingawa wenzake wanabisha, na kwamba mdudu asiye na kundi hai angeongeza uzito upande wake. Anataka tulitangaze kundi jipya. Si aina mpya tu, Mwalimu. Kundi zima. Miaka mingi hupita bila jambo kama hilo kutokea popote duniani.

Sasa kuna kanuni ambayo sikukueleza. Mdudu anapopewa jina, yule mmoja aliyetazamwa huitwa kielelezo, na lazima akae daima katika jumba la umma, ili mtu yeyote mwenye shaka aje amtazame. Bila kielelezo hakuna jina. Nikimpa jina huyu, kaharabu hairudi Shinyalu.

Mkuu wangu anaondoka nchini mwezi Juni, na wanatafuta Mwafrika wa kushika nafasi yake. Sikufichi kwamba makala ya kumtangaza mdudu huyu ingeamua.

Jiwe, kama ulivyoniandikia, halikuwa la marehemu baba yako. Kwa hiyo nadhani haja ya kulizika imekwisha. Nakuomba umuulize Mama kama atakubali libaki. Mdudu ataitwa kwa jina la Mukhwana, na jina hilo litasomwa katika kila nchi yenye vitabu.

Mahmoud Musa


Shinyalu
14 Desemba 1963

Kwa Bwana Mahmoud,

Juzi watoto wa shule yangu walipiga gwaride Kakamega kwa ajili ya Uhuru. Mvua ilinyesha, bendera za karatasi zikachuja rangi mikononi. Siku hiyohiyo nilimtoa Mama hospitali. Daktari hakutaja tarehe. Alisema tu tusimrudishe.

Nilimsomea barua yako yote. Alisikiliza vizuri. Akasema, "Huyu kijana wa vipepeo anajua kuongea. Mwambie alete."

Nikamwambia kwamba mdudu ataitwa Mukhwana.

"Mukhwana alimuona wapi?" akasema.

Hilo ndilo jibu kuhusu jina.

Kuhusu haja ya kulizika kuwa imekwisha, nimelifikiria jambo hilo kwa makini, kwa sababu linaonekana kuwa sawa. Baba aliishi na Mama miaka miwili. Jiwe limeishi naye kumi na saba. Ameogea nalo, amelala nalo, amenifundisha kusoma nikilishika. Barasa alilitoa mfukoni bila kufikiri, na hilo halibadilishi yaliyofuata.

Ulisema kabla ya Krismasi. Tafadhali litume.

Sellah Mukhwana


Shinyalu
5 Januari 1964

Kwa Bwana Mahmoud,

Krismasi imepita. Nimekwenda posta ya Kakamega mara mbili, hakuna kitu.

Mama sasa anakunywa uji tu. Uzi bado uko shingoni, na mkono wake huenda pale, hukuta hakuna kitu, hurudi. Anauliza kama umeoa. Anafikiri mke wako ndiye amelichukua.

Sellah Mukhwana


Nairobi
13 Januari 1964

Kwa Mwalimu Sellah,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na kazi nyingi na likizo za Uhuru. Jiwe nimelituma leo asubuhi kwa rejista. Liko kama lilivyokuwa. Sikufanya zaidi ya kulifuta vumbi.

Mwambie Mama sijaoa.

Mahmoud Musa


Shinyalu
9 Februari 1964

Kwa Bwana Mahmoud,

Mama alikufa Jumatano tarehe 22 Januari, asubuhi, baada ya uji. Alizikwa Ijumaa, kulia kwa mgomba. Uzi hatukuutoa.

Barasa alikuja kutoka Likuyani na kuku wawili na maharage. Wakati wa kufunika alisimama mguuni mwa kaburi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lile jiwe mmemwekea?" Nikamwambia liko njiani. Akasema posta ya sasa ni mbaya kuliko ya vita.

Kifurushi kilifika Jumatatu tarehe 3 Februari. Kifurushi cha Nairobi huchukua siku nne au tano kufika Kakamega. Barua yako inasema ulikituma tarehe 13 Januari. Muhuri wa posta ya Nairobi unasema tarehe 29.

Nilifungua sanduku mezani. Lilinukia kama ubani. Upande wenye ukungu umesuguliwa. Sasa unapitisha mwanga kama kioo cha taa. Nililiinua dirishani nikaona mabawa ya nyuma, membamba, na mishipa yake yote. Nadhani uliyaona pia. Jiwe limepungua. Si sana, lakini mimi nimelishika tangu nikiwa mtoto.

Sikujua la kufanya. Huku kwetu kaburi likifunikwa halifunguliwi, na nilifikiri kukurudishia. Niliweka bahasha tayari na anwani yako. Kisha akaja Khisa, mdogo wake baba, akalitazama pale mezani.

"Hili ndilo hukulipata kwa wakati?"

"Ndilo."

"Kaburi halifunguliwi."

"Najua, baba mdogo."

"Lakini hakuna mzee alikatazanga mtu kupanda kitu juu yake. Leta jembe."

Udongo ulikuwa bado laini. Alichimba shimo jembamba upande wa kifua, mpaka jembe likawa fupi, kisha akalala chini na shati lake la kanisani na kuingiza mkono hadi begani. Nilimpa jiwe. Aliliacha huko, akarudishia udongo, akakanyaga. Hakuomba. Akasema tu kwamba shimo kama hilo linafaa kwa ndizi.

Nakuandikia ili usiendelee kulisubiri. Bahasha yenye anwani yako ndiyo hii niliyotumia.

Sellah Mukhwana


Nairobi
24 Februari 1964

Kwa Mwalimu Sellah,

Muhuri uko sahihi.

Nililisugua kwa msasa laini na maji, kidogo kila jioni. Tarehe 27 niliona mabawa ya nyuma. Mishipa yake haifanani na ya kundi lolote ninalolijua, wala lolote alijualo mtaalamu wa London. Mdomo, mikia, unga wa mabawa, vyote ni vya kwake. Hakuchanganyika na mtu. Alikuwa peke yake. Nilichora siku mbili, kisha nikaenda posta.

Nilituma michoro London bila kielelezo. Wameirudisha. Wanasema ni michoro mizuri, lakini hawawezi kupokea jina la mdudu asiyeweza kutazamwa. Nafasi ya mkuu wangu amepewa mwenzetu wa idara ya samaki. Ni mtu mwema.

Idi Kubwa nitakuwa Mumias. Ningependa kupita Shinyalu nisimame mahali panapostahili. Ikiwa hutaki, usijibu, nitaelewa.

Katika idara yetu kila mdudu aliyepita mikononi mwetu ana kadi, hata asiye na jina, na hakuna sehemu ya kadi inayoruhusiwa kuachwa wazi. Yake nimeijaza jana. Kundi, nimeandika halijulikani. Kilikotoka, mashimo ya kaskazini ya Burma, kwa maelezo ya Barasa wa Likuyani. Aliyekitunza, Roda Navalayo, kutoka 1946. Mkuu wangu aliisoma, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, akaniuliza hilo ni jumba gani. Lakini hakuufuta. Mstari huo huuliza kielelezo kiko wapi, ili mwenye shaka aende akakitazame.

Nimeandika: Shinyalu, Kakamega. Kina cha mkono mmoja.

Mahmoud Musa